Watu wa Ng'ambo ya Mto

Kumhukumu mtu kwa pupa ni kuifunga kesi yake kabla haijafunguliwa. Anayehukumu hivyo hajamsikiliza mshitakiwa, hajauliza majirani, wala hajapima ushahidi. Anachokitegemea ni kabila, dini, ukoo, mahali mtu alikotoka, au uvumi aliokutana nao njiani. Injili ya Mathayo, sura ya 7, imeliweka katazo la kuhukumu ndani ya Mahubiri ya Mlimani, na wengi hulichukua kama onyo la jumla dhidi ya ukali wa moyo. Injili ya Yohana, sura ya 7 vilevile, inamwonyesha Yesu huyohuyo akiwataka wasikilizaji wake wahukumu kwa haki, wasiishie kwenye yale yanayoonekana kwa macho. Maandiko hayo mawili hayagombani. Kinachokatazwa ni hukumu inayotangulia uchunguzi, hukumu ya mtu aliyesahau kwamba naye ana kesi ya kujibu. Kinachotakiwa ni utaratibu: kuuliza, kusikia, kisha, ikibidi, kuamua. Na uamuzi wenyewe uwe juu ya tendo, kwa kuwa roho ya mtu, kwa imani ya Kikristo, ina hakimu mmoja tu.

Utaratibu huo ni wa kale kuliko Injili. Katika Mwanzo 18, kilio juu ya Sodoma kinapomfikia Mungu, yeye ajuaye yote anasema atashuka kwanza aone kama mambo ni kama yalivyosemwa. Katika Samweli wa Kwanza, kuhani Eli anamwona Hana akitikisa midomo bila sauti, anamkemea kama mlevi, na mara anaambiwa kwamba aliye mbele yake ni mwanamke mwenye uchungu anayesali. Eli alikuwa mtu wa Mungu, aliketi penye mlango wa hekalu, na bado alikosea. Pengine kwa sababu hiyohiyo ya kuketi penye mlango wa hekalu.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa upana zaidi, ingawa husomwa mara chache makanisani, kimo katika Yoshua 22. Kabila la Reubeni, kabila la Gadi na nusu ya kabila la Manase walipewa nchi upande wa pili wa Yordani. Walipokuwa wakirudi kwao wakajenga madhabahu kubwa kando ya mto. Habari zikafika Shilo: watu wa ng'ambo wameasi, wamejitengenezea ibada yao. Taifa zima likakusanyika kwenda vitani. Kilichozuia damu ni kwamba, kabla ya kupiga hatua, walimtuma Finehasi mwana wa Eleazari pamoja na wakuu kumi wakaulize. Jibu walilolipata hakuna aliyelitarajia. Madhabahu ile haikuwa ya kutolea sadaka. Ilijengwa iwe ushahidi, kwa sababu wale wa ng'ambo waliogopa kwamba siku moja watoto wa upande huu wangewaambia watoto wao kuwa mto ni mpaka, na kwamba hawana fungu kwa Bwana. Waliogopa kuhukumiwa kwa sababu ya mto, na walikaribia kuuawa kwa jambo lilelile walilofanya ili wasihukumiwe.

Sura hiyo ina uzito wa pekee inaposomwa Arua na Koboko. Nchi hiyo, iitwayo West Nile, iko magharibi ya Mto Nile, kwenye kona ambako Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na kwa zaidi ya miaka mia moja wakazi wake wamekuwa watu wa ng'ambo machoni pa wenzao. Katika miaka ya mwanzo ya ukoloni ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipokufa mwaka 1909. Ikarudi Sudan mwaka 1910, kisha ikaingizwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao boma la Arua lilianzishwa. Waingereza hawakuwa na haraka ya kuleta huko mazao ya biashara wala shule. Walichohitaji kutoka kwa Walugbara, Wakakwa na Waalur kilikuwa nguvu za mikono: vijana wa kukata miwa Kakira na Lugazi, na askari wa King's African Rifles. Baada ya kizazi kimoja au viwili, watu wa kusini waliomwona mtu wa West Nile akiwa ama na panga la miwa ama na bunduki walihitimisha kwamba hizo ndizo kazi alizoumbiwa. Mwanaanthropolojia Mark Leopold, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya West Nile, ameeleza kwa kirefu jinsi eneo hilo lilivyopewa jina la ukatili na watu waliolihitaji kwa ajili ya askari. Sifa ilitengenezwa na ajira, halafu ikaitwa tabia.

Tarehe 25 Januari 1971 sifa hiyo ikapata uso. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa mwenye asili ya Koboko na mama yake Mlugbara, alichukua madaraka Kampala. Ndani ya mwaka wa kwanza, askari wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa kwa wingi kambini, kwa kuwa walitoka upande wa rais aliyepinduliwa, Milton Obote. Jina linaloanza na herufi O, kama yalivyo majina mengi ya Kiluo, lilitosha kumpeleka mtu kaburini. Hakukuwa na haja ya kuuliza kama mwenye jina hilo alimpenda Obote au alimchukia.

Utawala huo ulidumu miaka minane. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, mbele ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walioungana nayo, na tarehe 3 Juni vita vikaishia kwenye mpaka wa Sudan, baada ya Arua na Koboko kuchukuliwa. Askari wa Tanzania waliondoka baadaye, na ulinzi ukabaki mikononi mwa jeshi jipya la Uganda, UNLA, ambalo Waacholi na Walango walikuwa wengi ndani yake. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. UNLA ilipojibu, haikujibu waliovuka mpaka peke yao. Vijiji vilichomwa, maduka ya Arua yakaporwa, na watu wa eneo zima wakakimbilia Zaire na Sudan. Hesabu iliyotumika ilikuwa ileile ya mwaka 1971, isipokuwa upande ulikuwa umegeuka: aliyezaliwa magharibi ya mto ni mtu wa Amin.

Mahali hesabu hiyo ilipoonekana wazi kabisa ni Ombaci, misheni ya Kikatoliki ya Wakomboni iliyo nje kidogo ya mji wa Arua. Watu waliobaki, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walikuwa wamekimbilia humo kwa kuamini kwamba uwanja wa kanisa utaheshimiwa. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia na kuwafyatulia risasi na kurusha mabomu ndani ya majengo ya misheni. Makumi waliuawa siku hiyo, na mapadri na masista wakabaki kuwafunga majeraha walionusurika. Wauaji hawakuuliza nani aliwahi kuvaa sare, nani aliwahi kupata hata shilingi moja ya serikali ya Amin. Miongoni mwa watoto waliouawa walikuwemo waliozaliwa wakati Amin ameshakimbia. Katika Ezekieli 18 Biblia inakataa mwana kuubeba uovu wa baba yake. Huko Ombaci walioubeba hawakuwa hata wana wa mhusika.

Uchunguzi mdogo tu ungevuruga dhana ya watu wa Amin. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1974 alifukuzwa kazi, na mwezi Machi mwili wake ukaokotwa katika Mto Nile. Mwezi huohuo Brigedia Charles Arube, Mkakwa na Mkristo, aliongoza jaribio la kumpindua Amin, na akafa humo. Kwa hiyo miongoni mwa waliowahi kumpinga Amin kwa silaha na waliouawa chini yake walikuwemo watu wa kabila lake na wa kabila la mama yake. Aliyetaka kujua angejua. Lakini chuki iliyokwisha kutoa hukumu huona kila ushahidi mpya kuwa usumbufu.

Kanisa la Uganda lilipata mtihani wa aina hiyo mapema, na jinsi lilivyoujibu inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, aliuawa Februari 16, 1977, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Aliyechaguliwa mwaka huohuo kukalia kiti chake alikuwa Silvanus Wani, aliyekuwa akiiongoza dayosisi ya Madi na West Nile tangu ilipoanzishwa mwaka 1969. Wani alikuwa Mkakwa. Kwa maneno mengine, Mwacholi aliyeuawa na serikali ya Mkakwa alirithiwa na Mkakwa. Inawezekana kabisa kwamba busara ya kisiasa ilikuwamo katika uchaguzi huo. Maaskofu walikuwa wakiliongoza kanisa chini ya mtutu. Hata hivyo walimchagua mtu waliyemjua kwa miaka, kwa kazi yake na mwenendo wake, wakati ambapo kabila lake peke yake lingetosha kumfanya ashukiwe. Akaendelea kuwa askofu mkuu hadi mwaka 1983, miaka minne baada ya Amin kuanguka, wakati nyumba za watu wa kwao zikichomwa.

Hapa ndipo Nathanaeli wa Yohana 1 anapohusika. Anaposikia kwamba Masihi anatoka Nazareti, anauliza kama kijiji hicho kinaweza kutoa chochote chema. Filipo habishani naye juu ya sifa ya Nazareti. Anamwalika aje ajionee. Wema wa Nathanaeli ni kwamba alikwenda, na Yesu alipomwona akija alimsifu kuwa hana hila. Mtu mwenye dhana mbaya, ambaye bado yuko tayari kwenda kuona, yuko mbali sana na mtu mwenye dhana hiyohiyo anayekataa kuinuka.

Kuna wanaochelea kwamba mafundisho haya yatawaachia wauaji. Hofu hiyo si ya kipuuzi, na haijibiwi kwa kuwaambia wajane wa Acholi au wa Arua wasihukumu. Uovu uliofanywa na utawala wa Amin umethibitishwa na mashahidi wengi mno. Kuutaja kwa jina lake si kuhukumu kwa pupa. Vivyo hivyo kuhusu waliofyatua risasi Ombaci. Maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua Februari 10, 1977, wakimweleza waziwazi mauaji na uonevu waliokuwa wakiuona, siku chache kabla ya kifo cha Luwum. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekimbia nchi baada ya kifo hicho, aliandika uhamishoni mwaka huohuo kitabu ambacho jina lake linamtaja Amin kuwa mtu anayependwa. Wasomaji wengi walishtuka. Lakini Kivengere hakusema kwamba Amin hana hatia. Alikuwa mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliomfundisha Mkristo kuanza na toba yake mwenyewe, na alitambua kwamba chuki iliyokuwa ikiota ndani yake dhidi ya Amin ilikuwa dhambi yake, wala si ya Amin. Uamsho wenyewe, ni haki kusema, haukuwa salama na ugonjwa huu: wapo walokole waliowagawa Wakristo wenzao kuwa waliookoka na wasiookoka kwa kuwatazama tu. Hata hivyo kanuni ya Kivengere inasimama: boriti kwanza, kibanzi baadaye, na kibanzi bado ni kibanzi na bado kinahitaji kutolewa.

Watu waliohukumiwa isivyo haki hawapati kwa hilo kinga dhidi ya kuhukumu wengine. Magharibi ya Nile jambo hili linaonekana zaidi kwenye msiba wa ghafla. Mtu ambaye jana alikuwa sokoni leo amekufa. Watu wanakusanyika, wanawake wanalia, wazee wanakaa chini ya mwembe. Kabla kaburi halijachimbwa swali limeshaanza kuzunguka kwa sauti ya chini: alikula wapi mara ya mwisho? Mmoja anakumbuka kwamba alikunywa kwete kwa fulani. Mwingine anaongeza kwamba mwenye nyumba hakuonja kibuyu kwanza. Wa tatu anakumbuka ugomvi wa shamba wa miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amesema analolijua. Lakini mafundo hayo matatu yakishafungwa pamoja yanakuwa kesi ya sumu, na usiku unapoingia vijana wameshajua nyumba ya kwenda kuichoma. Methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja, katika hali hiyo ni ya hatari, kwa sababu linalosemwa huja kweli: huletwa na waliolisema.

Anayeshukiwa mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni aliyeolewa kutoka mbali: mjane, mke mwenza, bibi anayeishi peke yake pembeni ya kijiji. Mtafiti Tim Allen, aliyefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Wamadi na majirani zao, ameandika juu ya washukiwa walioteswa na kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Swali la alikotoka, lililowaua watu kule Ombaci, linarudi kwa umbo dogo zaidi ndani ya ukoo.

Na vifo vyenyewe vina sababu. West Nile na kaskazini ya Uganda kwa jumla ni maeneo ambako homa ya ini aina ya B imeenea kuliko sehemu nyingine za nchi. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi waliambukizwa utotoni, na virusi hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Ini linapoharibika, tumbo hujaa maji, macho huwa ya njano, na mtu hutapika damu. Mwili wa namna hiyo ukilazwa mkekani mbele ya jamaa wasioijua homa ya ini, huonekana kama mwili wa mtu aliyelishwa kitu. Shinikizo la damu na kiharusi navyo huua bila kubisha hodi. Sumu ya kweli inaweza kuwepo, kama ilivyo mahali popote duniani, na hapo kuna polisi na maabara. Lakini hilo nalo linahitaji mtu aulize.

Torati imeliona hili. Kumbukumbu la Torati 13 inaagiza kwamba tuhuma nzito inaposikika, ichunguzwe na kuhojiwa kwa bidii hadi ukweli uthibitike, na sura ya 19 inakataa ushahidi wa mtu mmoja. Mathayo 18 inapanga ngazi: mwendee ndugu yako mkiwa wawili peke yenu; asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili; ndipo jambo lifike kanisani. Msiba wa ghafla huipindua ngazi hiyo juu chini: umati kwanza, mashahidi baadaye, na mshukiwa akiwa wa mwisho kuambiwa, pengine kwa moto wa paa lake. Kasisi au mchungaji anayefika matangani mapema ana nafasi ambayo mwenyekiti wa LC, baraza la serikali la kijiji, hana. Anaweza kuomba karatasi ya hospitali isomwe kwa sauti kwa lugha ya watu. Anaweza kwenda kuketi nyumbani kwa anayetajwa, mchana kweupe, watu wakimwona. Hatua hiyo ya pili inagharimu, maana anayeketi na mshukiwa naye huanza kutajwa. Ni gharama aliyoilipa Yesu kila alipokula na watu waliokwisha kuhukumiwa.

Jaribio la hivi karibuni limetoka upande wa kaskazini. Waliokimbilia Sudan mwaka 1980 na kuendelea walipokelewa huko, wengi katika wilaya ya Yei, ambako Wakakwa wapo kama walivyo Koboko na kule Kongo. Mtafiti Barbara Harrell-Bond aliandika juu ya maisha yao katika makambi ya huko kitabu kilichotoka mwaka 1986. Miaka thelathini baadaye, mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalipoenea hadi Yei, msafara uligeuka. Wakimbizi walivuka Oraba kuingia Koboko, na kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo, ilipokea zaidi ya watu 200,000 katika miezi michache. Wenyeji walitoa ardhi, jambo ambalo nchi tajiri nyingi zimekataa kulifanya.

Kisha lawama zikaanza, na nyingi zilihusu kuni. Wanawake wa kambini walioingia porini kutafuta kuni walifukuzwa na wengine kupigwa, na ikasemwa kwamba wageni ndio waliomaliza miti. Kwamba wakimbizi hukata miti ni kweli. Chakula cha msaada hakipikwi kwa jua. Lakini mzee wa kanisa wa Koboko au Maracha anayekumbuka vizuri anaweza kuwaeleza vijana historia ndefu zaidi ya miti hiyo. Kwa miongo mingi kabla ya Bidi Bidi, West Nile ililima tumbaku ya kuuza, na tumbaku hukaushwa kwa moto bandani, msimu baada ya msimu, kwa magogo ya miti ya asili. Tanuri za matofali yaliyojenga Arua, iliyofanywa jiji Julai 1, 2020, zilichomwa kwa magogo hayohayo. Na mkaa wa mjini haukutoka kambini. Hesabu hiyo ikishasomwa yote, na wanawake wa Yei wakiwemo ndani yake kwa sehemu yao halisi, wazee wa pande zote mbili wanaweza kuketi kuzungumza ni msitu upi ukatwe, upi uachwe, na nani atapanda.